MAISHA YA MAMA FLORENCE NIGHTINGALE NA MAPIGANO YAKE JUU YA MALOPITALO

Wengi wetu tunajua jina la Florence Nightingale kwa sababu ya ile taa aliyobeba usiku kati ya vitanda vya waaskari. Lakini habari ya taa ni kipande kidogo tu. Kazi yake kubwa ilikuwa juu ya nyumba zenyewe: namna ya kujenga lopitalo na kuitengeneza, ili mgonjwa asipate humo ugonjwa ambao hakuja nao. Habari hiyo njo tunataka kuwaelezea.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, inchi ya Italia, na wazazi wakampa jina la mji ule. Walikuwa Waingereza, tena watajiri sana. Baba yake mwenyewe alimfundisha Kilatini, Kigiriki na hesabu. Alipokuwa na miaka 16 alisikia moyoni kama Mungu anamwita amtumikie. Lakini jamaa yake walikataa kabisa auguze wagonjwa, maana siku zile kazi ile ilihesabiwa kuwa ya watu wa chini. Alingoja miaka mingi. Katika mwaka 1851 alikwenda Kaiserswerth, Ujerumani, kwa mchungaji Theodor Fliedner, pahali wadada Waprotestanti walikuwa wanatunza wagonjwa. Alijifunza kule miezi kama 3. Mwaka 1853 akapewa kusimamia lopitalo ndogo ya wanawake katika London.

Mwaka 1854 Uingereza na Ufaransa ziliingia vitani kusaidia Uturuki kupigana na Urusi. Waaskari Waingereza walioumia na walio wagonjwa walitolewa Crimea kwa mashua, wakaletwa Scutari, ngambo ya Constantinople, mji unaoitwa leo Istanbul. Tarehe 4 Novemba 1854 Mama Florence alifika kule pamoja na wauguzi wanawake 38.

Nyumba waliyoikuta haikujengwa kuwa lopitalo. Ilikuwa kambi ya waaskari. Wakubwa waliingiza vitanda tu, bila kuuliza kitu gani kiko chini ya sakafu. Chini kulikuwa mifereji ya vyoo iliyoziba, na harufu yake ilipanda mpaka vyumbani. Upande mumoja uliharibiwa na moto, hakuna mtu aliyeweza kulala humo. Aliposikia ya kama mamia ya wagonjwa wengine wako njiani, aliajiri wafanyakazi kama 200 watengeneze upande ule upesi. Alinunua mashati, sabuni na brosi, akasimamisha pahali pa kufulia nguo. Watu wote walimsifu.

Kumbe vifo vilizidi kupanda! Hapa tunawaomba msome polepole. Katika mwezi wa Februari 1855 wagonjwa kama 42 juu ya 100 walikuwa wanakufa. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa homa na kwa kipindupindu. Mashati safi na chakula kizuri havikutosha, maana nyumba yenyewe ilikuwa na ugonjwa.

Katika mwezi wa Machi 1855 serikali ilituma watu wa usafi: munganga John Sutherland, munganga Hector Gavin, na injinia Robert Rawlinson. Hawa hawakuanza na dawa, walianza na mifereji. Waliizibua na kuisukuma kwa maji, wakatoa mamia ya mikokoteni ya takataka, wakazika mizoga ya nyama, wakasafisha njia ya maji ya kunywa, wakapaka kuta chokaa na kufungua nafasi za kupitisha hewa. Kufika mwezi wa Juni vifo vilishuka mpaka kama 2 juu ya 100. Hakuna dawa mupya iliyoletwa. Ni nyumba iliyotengenezwa.

Kisha vita, mwaka 1856, Mama Florence alirudi kwao. Alikaa na William Farr, mjuzi wa hesabu, wakachunguza vifo vyote. Hesabu ikaonyesha wazi ya kwamba waaskari wengi wangeponyoka kama nyumba ingetengenezwa mbele ya wao kuingia. Habari hii ilimuumiza sana, kwa maana ilikuwa lopitalo aliyotumika ndani. Angeweza kunyamaza, watu walikuwa wanamwimbia nyimbo. Hakunyamaza. Mwaka 1858 alitoa michoro ya kuonyesha vifo vile mwezi kwa mwezi, ili hata mtu asiyependa hesabu aone kwa macho. Mwaka ule ule chama cha wajuzi wa hesabu cha London kilimpokea, mwanamke wa kwanza.

Wakati huo serikali ilikuwa inajenga lopitalo kubwa ya waaskari pahali panapoitwa Netley. Alipoona plani aliona hatari: korido ndefu sana, na hewa ya chumba kimoja kupita kwa kingine. Alimwendea waziri mukuu Palmerston, naye akamkubalia. Lakini franga nyingi zilikwisha kutumiwa, na kazi ikaendelea vile vile. Njo akaelewa kwamba kosa la nyumba linasahihishwa lingali kwenye karatasi. Ukuta ukikwisha kusimama, bei imekuwa kali.

Mwaka 1859 aliandika kitabu juu ya malopitalo. Alishauri majengo marefu na membamba yenye kutengana, madirisha pande mbili, vitanda kama 30 kwa chumba, kuta na sakafu zisizonyonya uchafu. Kwa namna hiyo lopitalo ya waaskari ya Woolwich ilifunguliwa mwaka 1865, na St Thomas' mupya ya London mwaka 1871. Katika St Thomas' ya zamani alikuwa amefungua masomo ya wauguzi tangu 1860.

Hata kazi yake mwenyewe hakuihurumia. Chumba cha kuzalisha alichosaidia kuanzisha katika lopitalo ya King's College, London, kilifungwa mwaka 1867, kwa sababu wamama walikuwa wanakufa humo kwa homa ya uzazi.

Tuseme kweli: kwa miaka mingi alifikiri hewa mbaya njo inazaa magonjwa. Leo tunajua ni vijidudu. Lakini kazi aliyoamuru ilikuwa sawa. Leo wanganga wanajua ya kwamba ukivunja ukuta wa zamani ndani ya lopitalo, vumbi linabeba mbegu za kuvu inayoitwa Aspergillus, inayoweza kuua mgonjwa asiye na nguvu. Na maji yaliyolala ndani ya bomba yanaweza kukuza kijidudu Legionella. Kwa hiyo wanafunika pahali pa kazi kwa plastiki, wanalowesha vumbi, wanahamisha wagonjwa wazaifu, tena wanamwaga maji ya bomba mbele ya kuyatumia.

Mama Florence alikufa London tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na miaka 90. Siku aliyozaliwa, 12 Mei, ni siku ya wauguzi katika dunia yote.

Wenzetu, wengine wetu watakuwa wauguzi, wengine mafundi wa kujenga. Mtu wa nyundo na mtu wa sindano wanatunza mgonjwa mumoja. Hata salongo ikitupeleka ku lopitalo kubeba mchanga ao kubomoa kibanda, tuulize kwanza: wagonjwa wanalala wapi, na vumbi hili litakwenda upande gani? Ulizo hilo halina bei, na linaweza kuokoa mtu.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita