Mchungaji Meinhof na sauti zinazogeuka

Siku ya Pentekoste hapa Katoyi tunasoma ulimi mmoja, ndimi nyingi. Sauti ya l imegeuka d baada ya n, na hakuna mwalimu aliyetufundisha. Aliyepanga kanuni za namna hiyo kwa lugha za Kibantu ni mchungaji wa Kiluteri, Carl Meinhof, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1857. Akiwa mchungaji wa kijiji cha Zizow alijifunza Kiduala kwa Mkameruni, Njo Dibone. Halafu akalinganisha lugha hii na ile, na kitabu chake cha 1899 kikaonyesha kwamba sauti hazigeuki ovyo. Kwa kanuni zake akatafuta sura ya lugha mama iliyozizaa zote. Kazi hiyo tunaipokea kwa shukrani.

Tungependa kuishia hapo. Lakini mwaka 1912 alitoa kitabu kuhusu lugha za aliowaita wana wa Hamu, akiwaona wafugaji wa asili nyeupe waliokuja kuwatawala Waafrika weusi. Sisi wa Kivu tunajua mawazo hayo yamefanya nini kati ya majirani, na mimbarani hatuyapandishi. Mwaka 1933 alijiunga na chama cha Hitler. Alifariki mwaka 1944.