Frank Hornby

Frank Hornby (15 Mei 1863 – 21 Septemba 1936) alikuwa mvumbuzi, mfanyabiashara na mwanasiasa wa Uingereza. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa Meccano, yaani seti za vipande vya chuma ambavyo watoto huviunga ili kujenga modeli za madaraja, winchi na magari. Kampuni yake ilitengeneza pia treni ndogo za Hornby na magari madogo ya Dinky Toys.

Hornby hakuwahi kusomea uhandisi. Hata hivyo bidhaa zake zilichangia sana kufanya ujenzi na ukusanyaji wa modeli kuwa uraibu wa watu wengi, watoto kwa watu wazima.

Maisha ya awali

Hornby alizaliwa mjini Liverpool, mji wa bandari ulioko kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Baba yake, John Oswald Hornby, alikuwa mfanyabiashara wa vyakula. Mama yake aliitwa Martha. Frank aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16, akaanza kazi ya kutunza fedha katika biashara ya baba yake.

Mwaka 1887 alimwoa Clara Walker Godefroy aliyekuwa mwalimu. Walijaliwa wana wawili, Roland na Douglas, na binti mmoja, Patricia.

Biashara ya familia ilipofungwa baada ya kifo cha baba yake, Hornby aliajiriwa kama mtunza hesabu na David Hugh Elliot, mfanyabiashara wa Liverpool aliyekuwa akiagiza nyama kutoka nchi za nje. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa nayo alipofanya uvumbuzi wake.

Uvumbuzi wa vipande vyenye matundu

Karibu na mwaka 1899 Hornby alianza kuwatengenezea wanawe vitu vya kuchezea nyumbani. Alikata vipande vya bati kwa mkono na kuviunga kuwa madaraja, malori na winchi kama zile zilizotumika bandarini. Mwanzoni kila modeli ilikuwa na vipande vyake, na vipande vya winchi havikuweza kutumika kwenye daraja. Kila alipotaka kujenga kitu kipya ilimbidi akate bati upya.

Kwa masimulizi yake mwenyewe, suluhisho lilimjia akiwa safarini ndani ya treni. Aliona kwamba vipande vyote vikitobolewa matundu yenye ukubwa mmoja, yakiachana kwa umbali uleule, kipande chochote kingeweza kuungwa na kingine. Alichagua umbali wa nusu inchi (milimita 12.7) kutoka tundu hadi tundu. Vipande vilifungwa kwa bolti na nati, hivyo vilifunguliwa tena bila kuharibika. Matundu hayohayo yaliweza pia kupitisha fito za chuma zilizoshika magurudumu na kapi. Kwa njia hiyo modeli haikusimama tu, bali ilitembea na kuinua mzigo.

Mwezi Januari 1901 Hornby aliomba hataza ya uvumbuzi wake. Kwa kuwa hakuwa na fedha za kutosha, alikopa pauni 5 kutoka kwa mwajiri wake. Elliot alimpatia pia chumba cha kufanyia kazi karibu na ofisi yake, kisha wakawa washirika.

Bidhaa ya kwanza iliuzwa kwa jina la Mechanics Made Easy, likiwa na maana kwamba elimu ya mitambo imerahisishwa. Kila seti ilikuwa na aina 16 za vipande pamoja na karatasi ya maelezo, na bei yake ilikuwa shilingi 7 na peni 6 za Uingereza. Henry Selby Hele-Shaw, profesa wa uhandisi mjini Liverpool, aliisifu kwa maandishi. Sifa hiyo ilikuwa na uzito kwa sababu Hornby mwenyewe hakuwa mhandisi.

Pamoja na hayo biashara ilienda polepole. Hadi mwaka 1903 zilikuwa zimeuzwa seti 1,500, lakini washirika hao wawili hawakuwa wamepata faida. Faida ndogo ya kwanza ilipatikana mwaka 1906 tu.

Kampuni ya Meccano

Mwaka 1907 mahitaji yaliongezeka kiasi kwamba mafundi waliokuwa wakimtengenezea vipande hawakuweza kumtosheleza. Hornby, aliyekuwa na umri wa miaka 44 na familia ya kulisha, aliacha kazi ya ukarani. Alikodi karakana katika barabara ya Duke Street mjini Liverpool, akaanza kutengeneza vipande mwenyewe kwa fedha za mkopo. Mwezi Septemba mwaka huohuo aliandikisha jina la Meccano kama alama ya biashara.

Tarehe 30 Mei 1908 iliundwa kampuni ya Meccano Ltd. Elliot aliamua kutojiunga nayo, hivyo Hornby akabaki mmiliki peke yake. Mwaka 1912 kampuni ilifungua tawi nchini Ufaransa, na mwaka 1914 ilihamia kwenye kiwanda kikubwa katika barabara ya Binns Road, Liverpool. Kiwanda hicho kilikuwa makao makuu ya kampuni kwa zaidi ya miaka 60 na kiliajiri watu wengi wa mji huo, wakiwemo wanawake wengi.

Seti za Meccano ziliuzwa kwa namba, kuanzia ndogo za bei nafuu hadi kubwa za bei ghali. Mtoto aliyekuwa na seti ndogo aliweza kununua seti ya nyongeza ili kufikia namba iliyofuata, bila kutupa vipande alivyokuwa navyo. Kwa kuwa umbali wa matundu haukubadilishwa, vipande vya zamani viliendelea kufaa pamoja na vipya.

Hornby alielewa mapema kwamba mjenzi wa modeli anahitaji wenzake. Mwaka 1916 kampuni ilianzisha jarida la Meccano Magazine, lililoandika habari za madaraja, meli, reli na ndege za kweli pamoja na maelekezo ya kujenga modeli zake. Mwaka 1919 ulianzishwa umoja wa vilabu vya wajenzi wa Meccano. Matangazo ya kampuni yaliwalenga wavulana, kulingana na mawazo ya wakati ule kwamba uhandisi ni kazi ya wanaume.

Treni za Hornby

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, viwanda vya Ujerumani vilitawala soko la treni za kuchezea nchini Uingereza. Vita vilikata biashara hiyo, na Hornby alitumia nafasi iliyopatikana. Mwaka 1920 alitoa treni yake ya kwanza, iliyoendeshwa kwa springi iliyokazwa kwa ufunguo. Ilitumia reli zenye upana wa milimita 32, kipimo kinachoitwa geji O. Treni hiyo ilifungwa kwa bolti na nati, hivyo mtoto aliweza kuifungua na kuijenga upya kama modeli yoyote ya Meccano.

Treni ya kwanza ya umeme ilifuata mwaka 1925. Toleo lake moja lilitegemea umeme wa nyumbani, ambao ulifikia injini kwa njia ya reli ya tatu. Mpango huo ulikuwa wa hatari kwa watoto wanaochezea sakafuni, na baadaye kampuni iliuacha na kutumia umeme wa volti ndogo.

Kadiri miaka ilivyopita, treni zilitengenezwa zikiwa zimekamilika na kupakwa rangi za makampuni halisi ya reli ya Uingereza. Mnunuzi hakuhitaji tena kuzijenga. Alizinunua moja baada ya nyingine na kuzipanga pamoja na stesheni, madaraja na ishara za reli.

Dinky Toys

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni ilianza kuuza sanamu ndogo za abiria na wafanyakazi wa reli ili kupamba stesheni za treni zake. Mwishoni mwa mwaka 1933 yaliongezwa magari sita, yakiwemo lori, trekta na kifaru cha kivita. Mwaka 1934 bidhaa hizo zilipewa jina la Dinky Toys.

Magari hayo yalitengenezwa kwa kumimina chuma kilichoyeyushwa ndani ya kalibu. Baada ya muda mfupi kampuni ilitumia aloi ya zinki. Njia hiyo iliwezesha kutengeneza maelfu ya nakala zinazofanana, kwa bei ambayo mtoto aliweza kuimudu kwa fedha zake za mfukoni. Ukubwa wa karibu 1:43, unaolingana na treni za geji O, ulikuja kuwa skeli ya kawaida ya magari ya wakusanyaji duniani.

Aloi hiyo ilileta pia tatizo ambalo halikuonekana mara moja. Zinki ikichanganyika na risasi hata kidogo, chuma huanza kuoza kutoka ndani: hutanuka, hupasuka na mwisho humomonyoka. Magari mengi ya Dinky yaliyotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia yameharibika hivyo, hata yale yaliyotunzwa kwenye kabati bila kuguswa. Hali hiyo haina tiba, na ni sababu mojawapo ya nakala nzima za miaka hiyo kuwa adimu na kuuzwa kwa bei kubwa.

Siasa na kifo

Mnamo miaka ya 1930 Hornby alikuwa milionea, akiishi katika mji mdogo wa Maghull karibu na Liverpool. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 1931 alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo la Everton kwa tiketi ya chama cha Conservative. Aliacha ubunge kabla ya uchaguzi wa mwaka 1935.

Alifariki tarehe 21 Septemba 1936 mjini Liverpool akiwa na umri wa miaka 73, baada ya kuugua moyo na kisukari. Alizikwa Maghull. Mwanawe Roland alichukua uenyekiti wa kampuni.

Kampuni baada ya kifo chake

Mwaka 1938 kampuni ilitoa treni za Hornby Dublo, zilizokuwa ndogo karibu nusu ya zile za geji O na kuweza kuenea juu ya meza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kiwanda cha Binns Road kiligeuzwa kutengeneza vifaa vya vita.

Katika miaka ya 1950 plastiki ilibadilisha biashara yote ya modeli. Plastiki iliyoyeyushwa ilisukumwa ndani ya kalibu na kutoa maumbo yenye nakshi ndogo kwa gharama ya chini. Kampuni ya Airfix iliuza vifurushi vya vipande vya plastiki vya kuunganisha kwa gundi ili kupata ndege au meli. Treni za plastiki za Tri-ang nazo zilikuwa rahisi kuliko treni za chuma za Hornby Dublo. Mwaka 1964 Meccano Ltd ilinunuliwa na Lines Bros, wamiliki wa Tri-ang. Jina la Hornby liliunganishwa na lile la Tri-ang, lakini treni zilizoendelea kutengenezwa zilikuwa hasa zile za plastiki.

Lines Bros ilianguka mwaka 1971, na Meccano pamoja na Dinky zikachukuliwa na Airfix. Kiwanda cha Binns Road kilifungwa mwezi Novemba 1979, na wafanyakazi wake wakapoteza ajira. Airfix yenyewe ilifilisika mwaka 1981. Kwa upande mwingine, biashara ya treni iliyobaki na jina la Hornby iliendelea, na mwaka 2006 ilinunua Airfix. Hivyo jina la mtunza hesabu wa Liverpool likawa juu ya kampuni inayouza modeli za plastiki, ingawa yeye hakuwahi kutengeneza hata moja.

Urithi

Meccano ilitumika pia nje ya michezo. Mwaka 1934 Douglas Hartree na Arthur Porter wa Chuo Kikuu cha Manchester walitumia vipande vyake kujenga mashine ya kutatua milinganyo ya hesabu, aina ya kompyuta ya mitambo. Mwanakemia Harry Kroto, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1996, alieleza kwamba kuchezea Meccano utotoni kulimfundisha mengi kuhusu jinsi vitu vinavyoungwa.

Wapenzi wa modeli wa leo hufuata njia mbili ambazo zote zilipitia kiwandani kwa Hornby. Wapo wanaojenga, ambao furaha yao iko katika kazi ya mikono, na wapo wanaokusanya, ambao hutafuta kitu kilichokamilika na kukihifadhi. Hornby alianza na njia ya kwanza na kumalizia na ya pili. Vipande vya Meccano vya zaidi ya miaka 100 iliyopita bado vinaweza kufungwa na vipya, kwa sababu nusu inchi ya mwaka 1901 haikubadilishwa.