Daktari Kandt na Mpagazi Wake

Nyumbani kwetu Nyamirambo husemwa kwamba babu yake babu yangu aliingia nchi hii akiwa mpagazi katika msafara wa daktari mmoja Mdachi. Likizo iliyopita nilikwenda kumtafuta katika maandiko. Sikumpata. Nilimpata yule Mdachi, basi nitawasimulia habari zake.

Richard Kandt alizaliwa mwaka 1867 katika mji wa Posen, ambao siku hizi ni Poznań, nchini Poland. Ukoo wake ulikuwa wa Kiyahudi, jina lao Kantorowicz. Alipokuwa mtu mzima akajiita Kandt. (Mwenye kumtafuta kwa jina moja tu angepotea njia.) Alisomea udaktari, akatibu wagonjwa wa akili, kisha akashikwa na hamu ya kujua Mto Nili unaanzia wapi.

Mwaka 1897 aliondoka pwani na wapagazi wake. Mwaka 1898 wakafika msitu wa Nyungwe, kwenye chemchemi ya kijito Rukarara. Wenyeji walikuwa wakiyanywa maji yale siku zote, lakini yeye ndiye aliyeyafuata katika ramani: huingia Mwogo, kisha Nyabarongo, kisha Akagera, hata Ziwa Victoria, ambamo Nili hutoka. Akakaa Shangi, kando ya Ziwa Kivu, akichora ramani na kukusanya wanyama na mimea. Kima wa dhahabu wa milima ya Virunga mpaka leo ana jina la Kandt katika vitabu vya elimu ya wanyama. Habari za safari zake alizichapisha mwaka 1904.

Mwaka 1907 serikali ya Wadachi ilimfanya Rezidenti wa Rwanda. Mfalme Yuhi Musinga alikuwa Nyanza; Kandt akachagua kilima cha Kigali, karibu na katikati ya nchi, akajenga boma. Huo ndio mwanzo wa mji wetu. Mwaka 1913 alikwenda likizo kwao, vita vya 1914 vikamfungia njia, akafa Nuremberg mwaka 1918 bila kuiona Kigali tena.

Nyumba yenye jina lake sasa ni makumbusho. Nilisoma kila karatasi ukutani, nikatoka na jina la kima, lakini la babu sikuliona.

Jioni ile nilimwuliza bibi. Alinitajia jina la mpagazi, la mwanawe na la mjukuu wake, bila kusita, huku akichambua mchele. Nimeyaandika katika daftari langu la hesabu, pamoja na tarehe.