Siti binti Saad: Bifu Aliyoimaliza kwa Sauti

Jioni hapa Garissa, joto likipoa kidogo, kaa kibandani na chai ya maziwa uone. Vijana wanabishana nani kamchana nani kwenye ngoma mpya. Wazee hawashtuki. Washairi wa Kisomali wamejibizana toka zamani, shairi moja likizaa lingine. Na kule Unguja kulikuwa na dada aliyechanwa kuliko hawa wote.

Alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, kwenye familia ya watumwa. Jina alilopewa? Mtumwa. Ndio, hivyohivyo. Mama yake alifinyanga vyungu, yeye akavitembeza mjini, akiita wateja kwa kuimba.

Mwaka 1911 akahamia mjini kabisa. Shule hakusoma. Ali Muhsin akamfundisha muziki, na haikuchukua muda akawa anaalikwa kwa matajiri, mpaka kwa Sultani. Jina sasa ni Siti, yaani bibi wa heshima.

Hapo ndipo wivu ukaamka. Wapinzani wakamtungia wimbo wa kumsimanga: katoka shamba, maskini, hana nguo za maana, na bila ile sauti angekufa njaa. Lakini cheki hapo. Hata wakimtukana, sauti walishindwa kuikana!

Siti hakurusha matusi. Alijibu kwa wimbo wake, akawarudishia kwamba urembo na ukoo havimfai mtu asiyetumia kichwa. Kisha akarudi kazini. Taarab ya ikulu iliimbwa Kiarabu. Yeye akaiimba kwa Kiswahili, lugha ya wauza vyungu wenzake. Mwaka 1928 akapanda meli na wanamuziki wake hadi Bombay, wakarekodi sahani za santuri na kampuni ya HMV. Zikauzwa, zikapigwa pwani nzima. Sasa utamcheka nani?

Mimi niliacha chuo, na kila Iddi hakosi jamaa wa kunikumbusha mbele ya watu. Zamani nilikuwa nabishana mpaka chakula kinapoa. Siku hizi nanyamaza, nikirudi nyumbani naandika.

Siti alifariki mwaka 1950, na maisha yake yakaandikwa kitabu na Shaaban Robert mwenyewe. Ule wimbo wa kumsimanga bado unakumbukwa pia. Unajua kwa nini? Kwa sababu una jina lake ndani.