Mshahara wa Mwalimu

Mji wa Chunya ulizaliwa na dhahabu. Tangu wachimbaji walipofika bonde la mto Lupa katika miaka ya 1920, na hasa walipomiminika huko kwa wingi katika miaka ya 1930, fedha imepita katika mji huo kama maji ya masika yapitavyo katika makorongo yake: kwa kishindo na kwa muda mfupi. Mgodi wa Saza, uliokuwa mkubwa kuliko yote ya Lupa, ulifungwa mwaka 1956. Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba hawahitaji kuelezwa jambo hili kwa kirefu, maana msimu wa karafuu nao huleta fedha nyingi kwa wiki chache, na wapo wenye mashamba ambao kabla mwaka haujapinduka huwa wamekwisha rudi dukani kukopa unga.

Katika safu ya leo tumeona vyema kumkumbuka mtu ambaye hakuwa mchimbaji wala mwenye mikarafuu, bali aliishi kwa mshahara. Mengi yameandikwa juu ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kuhusu uhuru, Muungano na ukombozi wa Afrika. Sisi tutamtazama upande wa mfuko wake.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Asidhani mtu kwamba utemi ule ulikuwa na hazina. Ulikuwa utemi wa kabila dogo, na nyumba yenye wake wengi na watoto wengi zaidi. Baada ya kusoma Makerere kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, alifundisha Tabora katika shule ya misheni ya Mtakatifu Maria. Huko, yeye na mwenzake Andrew Tibandebage walikiongoza chama cha TAA cha mji, na chama kikafungua duka la kuuza bidhaa za lazima kama sukari na sabuni. Kwa muda mfupi alifanya pia kazi ya ukaguzi wa bei madukani, akaiacha alipoona taarifa zake juu ya wafanyabiashara walaghai hazishughulikiwi. Hivyo bei ya kibaba na faida ya mchuuzi alizijua kabla hajaijua siasa ya kimataifa.

Mtihani mkubwa ulimjia mwaka 1955. Alikuwa mwalimu wa Pugu, ana mke na watoto, na ni Rais wa TANU iliyoundwa tarehe 7 Julai 1954. Aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa alitakiwa achague kati ya ualimu na siasa, naye akauacha ualimu. Leo twalisoma jambo hilo upesi upesi kana kwamba lilikuwa jepesi. Kwa mwenye kuishi kwa mshahara, kuukata mshahara wa mwezi kwa hiari, bila shamba kubwa wala akiba ya kutosha, ni jambo la kuogofya. Mama Maria alifungua duka dogo Magomeni, na nyumba ya Rais wa chama kilichokuwa kikiogopwa na Gavana ikapata riziki yake kwa uchuuzi wa mkewe. Mwaka 1958, mahakama ilipomtia hatiani kwa kuwakashifu maofisa wawili wa wilaya na kumpa hiari ya faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, faini ile ililipwa kwa michango ya wananchi.

Alipokuwa Rais wa nchi mambo yangeweza kugeuka, kama yalivyogeuka kwa wengi wa rika lake barani Afrika. Mapema mwaka 1965 alizuru China, na kilichomgusa kupita vyote kilikuwa jinsi watu wa taifa kubwa vile walivyobana matumizi, viongozi kwa raia. Mwaka uliofuata, tarehe 22 Oktoba, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa ambalo lingewalipa sehemu tu ya mishahara yao. Karibu 400 kati yao walifukuzwa chuoni. Adhabu ile ilikuwa kali, na kwa maoni yetu hoja yao juu ya mishahara ya wakubwa haikuwa ya kupuuzwa. Mwalimu mwenyewe hakuipuuza: siku ile ile aliukata mshahara wake wa shilingi 5,000 kwa mwezi kwa asilimia 20, na mishahara ya mawaziri na maofisa wa juu ikapunguzwa vilevile.

Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na masharti yake ya uongozi. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asipangishe nyumba. Masharti yalimgusa kiongozi pamoja na mwenzi wake, kwa hiyo Mama Maria, aliyekuwa na mradi wa kuku, aliuacha. Wapo wakubwa walionung'unika, na wapo waliotafuta njia za pembeni. Oktoba ya mwaka ule Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilometa 200, kuliunga mkono Azimio.

Haki itendeke: kubana matumizi nyumbani na kuendesha uchumi wa nchi ni kazi mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa gharama za vita vya Kagera, kwa bei ya mafuta, na pia kwa makosa ya sera na mashirika ya umma, sukari na sabuni, zile zile za duka la Tabora, zilipangiwa foleni. Lakini hata waliomlaumu kwa foleni zile hawakumkuta na akaunti ya siri.

Masharti yale yalilegezwa Visiwani, kwa uamuzi wa Februari 1991 unaoitwa Azimio la Zanzibar, na Mwalimu hakuficha uchungu wake. Tangu hapo mtumishi anaruhusiwa kuwa na mradi. Sheria ya maadili ya mwaka 1995, na ile ya Zanzibar ya mwaka 2015, hutaka kiongozi atangaze mali yake, si aiache. Hatusemi masharti ya 1967 yarudishwe. Twasema kwamba leo adui wa mtumishi wa kawaida si mshahara wa pili, bali mkopo wa tatu. Utaratibu wa Serikali unataka makato yamwachie mtumishi angalau theluthi moja ya mshahara wake. Wengi hufika ukingoni hapo, kisha huingia katika mikopo ya mitaani iliyopewa na wananchi jina la kausha damu, ambayo haimo katika hati ya mshahara.

Mwalimu aling'atuka urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kijijini kwake.

Chunya ina soko la dhahabu tangu mwaka 2019, na mchimbaji huuza mbele ya maofisa wa Serikali. Visiwani karafuu hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa vituoni. Hapo fedha inapohesabiwa, na kabla haijatoka mlangoni, ndipo tunapozitaka halmashauri na wizara husika ziweke dirisha la chama cha akiba na mikopo, lenye karani anayekaa hapo saa zote za soko.