Mtoro bin Mwinyi Bakari: Mwana wa Bagamoyo Aliyeandika Habari za Watu Wake

Mahujaji wanaofika Bagamoyo kusali chini ya Msalaba wa ufukoni hukumbuka mwaka 1868, Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni yao na kuwapokea watumwa waliokombolewa. Wachache humkumbuka mtoto aliyezaliwa yapata mwaka mmoja baadaye, mahali paitwapo Dunda, katika familia ya Kiislamu. Mtoto huyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, ndiye aliyekuja kutuachia habari za mwambao huu kwa kalamu ya mwenyeji.

Mtoro alisoma Kurani na elimu ya dini yake, akawa mwalimu. Aliishuhudia Bagamoyo ya misafara ya pembe za ndovu, kisha akauona utawala wa Wajerumani ukisimikwa. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki. Mwaka 1901 habari za safari yake ya Udoe na Uzigua zilichapishwa, na mwaka 1903 kikatoka kitabu cha Desturi za Waswahili, ambacho sehemu kubwa yake aliiandika yeye. Hata hivyo, jina lililopewa heshima ya jalada lilikuwa la Carl Velten, Mjerumani aliyezikusanya habari hizo.

Kitabu hicho chaeleza maisha tangu kuzaliwa hadi kuzikwa: malezi, unyago, ndoa, ngoma, biashara ya bara, na pia utumwa. Kwetu sisi jambo hili la mwisho lina uzito wa pekee. Kumbukumbu za misheni hutuonyesha mtumwa akiisha kukombolewa; Mtoro hutuonyesha mji uleule ukiwa bado unamtumikisha. Ukweli wa Bagamoyo wahitaji mashahidi wote wawili.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata walisafiri pamoja kuja nyumbani, lakini walipofika Dar es Salaam serikali ya kikoloni iliwazuia kushuka wakiwa mume na mke. Haikukubali Mwafrika aishi katika koloni na mke Mzungu. Bagamoyo ilikuwa karibu kabisa, naye hakuifikia. Walirudi Ujerumani. Huko aliendelea kufundisha, Hamburg pia, na kutoa mihadhara juu ya Afrika Mashariki, hadi alipofariki Berlin mwaka 1927.

Tuutafakari mkasa huo. Watawala waliihitaji elimu ya Mtoro ili waielewe nchi wanayoitawala, lakini waliikataa ndoa yake na heshima yake. Imani yetu hufundisha kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Kwa hiyo kuitumia akili ya mtu huku ukiudharau utu wake ni dhambi, awe wa dini au rangi yoyote.

Mwaka 1981 kitabu kile kilitoka kwa Kiingereza, na safari hii Mtoro akatajwa kuwa mwandishi wake. Haki hiyo ilichelewa zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake.

Nasi tuna wazee parokiani wanaojua jinsi vigango vyetu vilivyoanza. Tuwaendee wangali hai, tuandike wanayotusimulia, na tuyaandike pamoja na majina yao.