Joseph von Fraunhofer, fundi vioo aliyehesabu mistari myeusi ya jua

Tarehe 7 Juni mwaka 1826 alifariki dunia mjini Munich, Ujerumani, Joseph von Fraunhofer akiwa na umri wa miaka 39, kwa maradhi ya kifua kikuu. Hadi anaaga dunia hakujua maana ya kile alichokigundua.

Alizaliwa mwaka 1787 huko Straubing, Bavaria. Alipofikisha miaka 11 alikuwa yatima, akapelekwa Munich kujifunza kazi kwa mtengeneza vioo ambaye hakutaka kumuona kijana wake na kitabu. Mwezi Julai 1801 nyumba ya bwana huyo iliporomoka. Mke wa bwana alifariki, lakini kijana alitolewa kwenye kifusi akiwa hai, mbele ya mtawala wa Bavaria, Maximilian Joseph, aliyefika mwenyewe. Mtawala akamtunuku fedha, na njia ya vitabu ikafunguka.

Baadaye aliajiriwa katika karakana ya vioo ya Benediktbeuern. Kazi yake, tukumbuke, ilikuwa lenzi za darubini, wala si kulichunguza jua. Ili apime jinsi kioo kinavyopinda mwanga, alihitaji alama isiyohama katikati ya rangi. Mwaka 1814 alipitisha mwanga wa jua kwenye upenyo mwembamba, kisha kwenye kioo cha pembetatu, akachungulia kwa darubini. Rangi za upinde wa mvua zilikuwa zimekatizwa na mistari myeusi. Mwingereza William Wollaston alikwishaiona michache mwaka 1802 akaiacha. Fraunhofer alihesabu 574, akaipa ile mikubwa herufi, na kuitumia kama fundi anavyotumia rula.

Hata hivyo, baadhi ya wasomi wa Munich walipinga asiingizwe katika akademia yao kwa kuwa hakusoma chuo kikuu!

Miaka 33 baada ya kifo chake, mwaka 1859, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen wa Heidelberg walitoa jibu. Mvuke wa sodiamu ukiungua hutoa mwanga wa njano. Lakini mwanga mkali zaidi ukipita ndani ya mvuke huo, rangi ileile hufyonzwa na pengo jeusi hubaki. Kila elementi ina mapengo yake. Ndivyo maabara zinavyopima risasi katika maji ya kunywa: mwanga ukipungua zaidi, risasi ni nyingi zaidi.